Mchapishaji Mdogo na Mtandao Mkubwa

Msomaji kijana, upatapo siku moja nafasi ya kupita katika mji wa Kisii au wa Nyamira, usitazame tu masoko yake ya ndizi na mashamba ya chai yaliyovika vilima vazi la kijani. Tazama pia vibanda vidogo vilivyo kando ya barabara, vyenye kompyuta moja au mbili na mashine ya kupiga chapa juu ya meza. Humo hutengenezwa kadi za arusi, ratiba za mazishi, barua za kuombea kazi na mitihani ya majaribio ya shule. Mwenye kibanda hubonyeza kitufe, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai karatasi mia zimekwisha kutoka. Mtambo huo, ambao mtu mmoja aweza kuubeba kwa mikono miwili, wafanya haraka kazi ambayo mitambo ya chuma ya zamani ilihitaji watu kadhaa na siku nzima. Na simu iliyo mfukoni mwake yaweza makubwa zaidi, maana kwa simu hiyo aweza kuyafikisha maneno yake London na Minneapolis kabla chai yake haijapoa.

Basi hapa pazuka swali. Ikiwa kupiga chapa kumekuwa kwepesi hivyo, na kueneza maneno kumekuwa kwepesi zaidi, mbona vitabu vya hadithi, vya mashairi na vya historia katika lugha ya Wagusii ni vichache hata leo, ukivilinganisha na vile vya Kiingereza na Kiswahili? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wagusii zaidi ya 2,700,000 katika Kenya. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kukosa wasimulizi, wala hawawezi kukosa wasomaji. Kikosekanacho ni kitu cha katikati, kisimamacho baina ya msimulizi na msomaji. Kitu hicho nataka tukitafute pamoja, nami nitakuongoza kwa njia ya historia, kwa kuwa jambo lililo gumu kuonekana leo huonekana wazi zaidi likitazamwa tangu mwanzo wake.

Kwanza yatupasa kutenganisha watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Mpiga chapa ni mwenye mtambo. Kazi yake ni kufanya nakala moja kuwa nyingi. Mchapishaji ni mtu mwingine. Yeye hupokea mswada, huusoma, huupima, huukataa au huukubali, huurudisha kwa mtungaji mara mbili au tatu ili usahihishwe, kisha huweka fedha zake hatarini ili kitabu kitoke. Mpiga chapa huulizwa, “Nakala ngapi?” Mchapishaji huulizwa, “Kitabu hiki chastahili kuwako?” Mchapishaji mdogo wa fasihi, yaani yule atoaye vitabu vichache kwa mwaka bila msaada wa vitabu vya shule, ana mali moja tu iliyo kubwa, nayo ni hukumu yake. Tukiushika vema utengano huu, tutaona kwamba mitambo imebadilika mara tatu katika nchi ya Gusii, na kila mara swali la mchapishaji limebaki lile lile.

Kabla ya mtambo wowote, Wagusii walikuwa na fasihi yao. Walikuwa na hadithi, ambazo wao huziita emegano, na methali na vitendawili, na nyimbo zilizopigiwa obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane na sauti nzito ya kunguruma. Wala usidhani kwamba kwa kuwa fasihi hiyo haikuandikwa haikuwa na mhariri. Wasikilizaji walikuwa ndio wahariri. Bibi akikosea jambo katika omogano, mzee mwenziwe alimkatiza; kijana akiimba wimbo usio na maana, watu walitawanyika. Hadithi iliyofika kizazi cha tano ilikuwa imekwisha kupita mbele ya wahukumu wengi. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Mtambo wa kwanza ulifika jirani, chini ya milima, kwenye ufuo wa ziwa. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen, aliyekuwa mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walianza kituo Gendia karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika sarufi yake mwaka 1910, na yapata mwaka 1913 akapata mtambo mdogo wa kupiga chapa. Katika miaka hiyo hiyo misheni zilipanda mlimani zikaingia Gusii. Wakatoliki walianza Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa punde baadaye. Pamoja na misheni zilikuja shule, na pamoja na shule yalikuja maandishi ya Ekegusii.

Tazama jinsi kazi hiyo ilivyokwenda taratibu. Agano Jipya la Ekegusii lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1988. Yaani baina ya Agano Jipya na Biblia kamili ilipita miaka 40. Mtoto aliyezaliwa siku ya kitabu cha kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku ya kitabu cha pili. Watafsiri walibishana juu ya neno moja moja, na juu ya namna ya kuandika sauti za lugha yenyewe, kwa kuwa Ekegusii ina irabu 7 na maandishi ya kawaida yana herufi 5 tu za irabu. Subira ya namna hiyo ni ghali, lakini matunda yake yangali yanasomwa katika makanisa ya Kisii na Nyamira kila wiki.

Walakini haitupasi kuisifu misheni kwa subira yake bila kutaja upungufu wake. Mwenye mtambo ndiye aliyechagua cha kupigwa chapa, naye alichagua kilichomfaa. Mfano mmoja watosha. Mnamo Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya Kiingereza katika Kisii, na serikali ikaleta jeshi lililochoma nyumba, likaua watu na kutwaa ng'ombe wengi. Nyuma ya Otenyo alisimama Moraa, mwanamke mwaguzi na mganga, aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Maneno ya maofisa juu ya vita hivyo yaliandikwa, yakawekwa katika mafaili, yakahifadhiwa. Maneno ya Moraa yalibaki katika vinywa vya watu. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Habari zake zapatikana kwa urahisi. Habari za Moraa zilingoja watu wa kuzikusanya, na katika kungoja huko nani ajuaye ni ngapi zilizopotea? Hasara hiyo haikuletwa na upungufu wa mitambo. Palikosekana mchapishaji aliyeona kwamba maneno ya mwanamke yule yalistahili kuwako.

Badiliko la pili lilikuja mwaka 1948, serikali za Afrika Mashariki zilipoanzisha Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Charles Richards. Shirika hilo lilitoa vitabu katika Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za nchi zetu, na kwa kuwa liligharimiwa na serikali, liliweza kutoa vitabu ambavyo mfanya biashara asingevigusa. Mwaka 1974 lilichapisha historia ya Wagusii kabla ya ukoloni na mpaka mwaka 1914, iliyoandikwa na mwanachuoni William Ochieng'. Ochieng' hakuwa Mgusii, lakini alikwenda kwa wazee, akasikiliza mapokeo ya koo, akayalinganisha na kuyaandika. Hapo ndipo maneno ya vinywani yalipopewa heshima ya kukaa katika kitabu pamoja na maneno ya mafaili.

Lakini mchapishaji alishwaye na hazina ya serikali hufunga siku hazina inapofungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika likavunjika pamoja nayo. Kenya ilirithi sehemu yake, nayo ikawa Kenya Literature Bureau, ambayo kama wachapishaji wengine wengi ilielekea kwenye vitabu vya shule. Usiwalaumu upesi wachapishaji kwa mwelekeo huo. Kitabu cha shule kina wanunuzi wa hakika, na kitabu cha mashairi ya Ekegusii hakina. Kuna waliojitahidi kuishinda tofauti hiyo. Mwaka 1980 Henry Chakava, aliyekuwa akiongoza Heinemann mjini Nairobi, alichapisha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu kizuizini, ingawa alitishwa kwa ajili yake. Lakini wenye ujasiri huo pamoja na fedha za kuuendesha walikuwa wachache. Katika miaka ya karibuni njia ilizidi kuwa nyembamba. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ilitoza vitabu asilimia 16. Tangu mwaka 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule zake, na maduka ya vitabu katika miji kama Kisii, Keroka na Nyamira yakapoteza biashara iliyokuwa ikiyaweka wazi. Duka likifungwa, hata rafu ile moja ya hadithi na mashairi iliyokuwa pembeni hufungwa pamoja nalo.

Sasa tufike kwenye badiliko la tatu, ambalo wewe umezaliwa ndani yake, na kwa hiyo si rahisi kwako kuliona. Mwaka 2001 kijana Mkenya, Binyavanga Wainaina, alitoa maandishi yake katika gazeti la mtandaoni, lisilokuwa na karatasi hata moja. Mwaka 2002 maandishi hayo yakampatia Tuzo ya Caine, tuzo kubwa ya hadithi fupi za Waafrika. Mwaka 2003 Wainaina na wenzake wakaanzisha mjini Nairobi jarida la Kwani?, nalo likawa mlango wa watungaji wengi ambao wachapishaji wakubwa hawakuwatazama. Angalia mpangilio wa mambo hayo: mtandao ulimpa mtungaji jina, na jina likazaa jarida la karatasi. Mtandao na kitabu hawakuwa maadui.

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mwaka 2016 kikundi cha watungaji vijana kiitwacho Jalada kilichukua hadithi moja fupi ya Ngũgĩ iliyoandikwa kwa Kikuyu, kikaitoa mtandaoni katika lugha zaidi ya 30 kwa mara moja, na baadaye idadi ya lugha ikazidi kupanda. Hakuna mpiga chapa wa karatasi ambaye angekubali kazi hiyo, gharama ingemfilisi. Walakini, msomaji wangu, usisahau kwamba kila lugha ilihitaji mtu wa kukaa na kutafsiri, na mtu mwingine wa kusahihisha. Mtandao ulipunguza gharama ya karatasi, lakini haukuondoa kazi ya akili.

Na Gusii je? Mwaka 2013, ambao ndio mwaka serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zilipoanza kazi, Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake ya kujitegemea. Mwaka huo huo Christopher Okemwa, mshairi na mhadhiri wa chuo hicho, alianzisha tamasha la kimataifa la mashairi liitwalo Kistrech, na washairi wa nchi za mbali wakaja kusoma mashairi yao Kisii. Mwaka huo pia ilitolewa kamusi kubwa ya Ekegusii na Kiingereza, iliyotungwa na Kennedy Momanyi Bosire na Gladys Machogu. Tena ipo kampuni ndogo iitwayo Nsemia, iliyoanzishwa na Matunda Nyanchama, yenye mguu mmoja Kanada na mguu mwingine Kenya, ambayo imechapisha vitabu juu ya mila na hekima ya Wagusii, vikiwamo vitendawili vilivyokusanywa na Okemwa. Kampuni kama hiyo isingaliweza kuishi katika siku za Carscallen. Mhariri aweza kuwa Ontario, mtungaji Ogembo, na msomaji Marekani, na mswada ukapita baina yao kwa siku moja bila stempu.

Ili uone faida hiyo kwa hesabu, tuchukue mfano. Tuseme kutayarisha mtambo wa zamani kwa ajili ya kitabu kimoja, kabla ya nakala ya kwanza kutoka, kwagharimu shilingi 100,000. Ukipiga nakala 2,000, kila nakala yabeba shilingi 50 za gharama hiyo. Ukipiga nakala 100, kila moja yabeba shilingi 1,000, na hapana atakayeinunua. Kwa hiyo mchapishaji mdogo alilazimika kupiga nakala nyingi, kuzilipia zote mapema, kuziweka ghalani, na kuomba Mungu panya wasizile kabla ya wanunuzi kuja. Sasa kitabu hukaa ndani ya kompyuta kama punje ya mbegu. Mnunuzi akitaka nakala moja, hupigwa moja, na akitaka kumi, hupigwa kumi. Kwa lugha iliyo na wasomaji waliotawanyika, wengine Manga na wengine Minnesota, huu ni ukombozi. Mchapishaji aliyekuwa akisema, “Kitabu chako ni kizuri lakini hakitauzwa,” leo hana udhuru huo kwa ukamilifu wake.

Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, shida i wapi? Shida zipo nne, na zote zagusa zile tunu ambazo mchapishaji mdogo huziishia.

Ya kwanza ni haraka. Zamani gharama ya mtambo ilimlazimisha kila mtu kufikiri, kwa sababu kosa lililokwisha kupigwa chapa halikufutika ila kwa hasara. Leo kosa hufutwa kwa kidole, na kwa hiyo watu hawaogopi kulitenda. Mswada uliostahili kulala mwaka mmoja mezani kwa mhariri hutolewa usiku ule ule uliomalizika. Mtungaji hufurahi siku moja, kisha huona aibu miaka kumi.

Ya pili ni hesabu ya macho. Katika mtandao kila ukurasa hujua umetazamwa na watu wangapi, na malipo ya matangazo hufuata hesabu hiyo. Hesabu si dhambi, lakini yataka kuwa bwana. Mchapishaji anayeitazama kila asubuhi huanza kuchagua kashfa badala ya shairi, kwa sababu kashfa hutazamwa na watu elfu kumi, na shairi hutazamwa na arobaini. Hapo amekwisha kuacha kuuliza kama kitabu chastahili kuwako. Auliza tu, “Nakala ngapi?” Yaani ameshuka cheo akawa mpiga chapa, wala hakuna aliyemwambia.

Ya tatu ni lugha yenyewe. Simu nyingi hutengenezwa na watu wasioijua Ekegusii. Andika neno la kawaida kama omonto, yaani mtu, na chombo chaweza kulipigia mstari mwekundu kana kwamba umekosa, au kulibadili liwe neno la Kiingereza. Mwandishi mzima aweza kucheka na kuendelea. Lakini mtoto afunzwaye kila siku na chombo chake kwamba maneno ya bibi yake ni makosa, atafikiri nini? Na mtungaji aonaye kwamba hadithi yake ya Kiingereza yafika kila bara, na ile ya Ekegusii haipiti Sotik, atashawishika kuiacha ya pili. Mchapishaji mkubwa hatamzuia, maana faida iko upande wa lugha kubwa. Ni mchapishaji mdogo peke yake awezaye kumwambia, “Niletee ile ya Ekegusii, mimi nitaitunza.”

Ya nne ni kusahauliwa. Karatasi ina adui zake, yaani moto, maji na mchwa, lakini kitabu kikisambazwa katika nyumba mia chaweza kuteketea katika tisini na tisa na kusalimika katika moja. Ukurasa wa mtandao hulipiwa ada kila mwaka, na ada isipolipwa ukurasa huzimwa kwa wasomaji wote kwa mara moja. Mchapishaji mdogo akifa au akiishiwa, kazi ya miaka kumi yaweza kuzimika kwa dakika moja. Na wakati uo huo, kitabu kinachouzika huibwa kwa urahisi. Nakala moja huzungushwa kutoka simu hadi simu, na mtungaji hapati hata nauli ya kwenda Kisii mjini.

Baada ya kuyasikia hayo, pengine utasema kwamba ilikuwa heri zamani. La, sikubaliani nawe. Kumbuka Moraa. Mlango wa zamani ulilindwa na watu wachache, nao waliwafungia nje wengi waliostahili kuingia. Leo msichana wa Nyansiongo aweza kuandika habari za Moraa kama alivyosimuliwa na nyanya yake, na hapana ofisa wala misheni awezaye kumzuia. Hiyo ni haki kubwa, na watu wa mwaka 1908 hawakuwa nayo. Lakini mlango ukiondolewa kabisa, nyumba hujaa vumbi pamoja na wageni, na mgeni mwenye habari njema haonekani katika vumbi. Kwa hiyo twahitaji mlinzi mwema wa mlango, mwenye kuulizika, mwenye kuijua lugha, asiyetumwa na serikali wala na hesabu ya macho. Mlinzi huyo ndiye mchapishaji mdogo, naye ndiye kile kitu cha katikati tulichokuwa tukikitafuta.

Hapana budi mchapishaji huyo autumie mtandao bila kuutumikia. Autumie kupokea miswada ya mbali, kupiga nakala chache kwa gharama ndogo, na kuwafikia Wagusii walio ng'ambo. Lakini aweke mikononi mwake mwenyewe mambo matatu: kuchagua, kusahihisha na kuhifadhi. Kila kitabu akitoacho mtandaoni akipige pia nakala kadhaa za karatasi, azipeleke katika maktaba na shule. Na kila mswada wa Ekegusii usomwe na mzee anayeijua lugha, kabla haujasomwa na ulimwengu.

Wachongaji wa Tabaka, kusini mwa mji wa Kisii, wanaweza kutufundisha jambo. Jiwe lao laini limekwenda nchi nyingi kwa sura ya visahani na vinyago. Wengine wao siku hizi hutumia misumeno na mashine za kung'arisha, na kazi yao huenda upesi. Lakini mashine haijui kama ndani ya jiwe mna kiboko au mna mama mwenye mtoto. Hilo laamuliwa na mchongaji kabla hajawasha mashine. Akiliacha liamuliwe na mnunuzi wa haraka, atachonga viboko mia vinavyofanana mpaka mwisho wa maisha yake.

Nami sitaki ufunge kurasa hizi ukidhani kwamba jambo hili ni la watu wazima peke yao. Upatapo likizo, nenda kwa nyanya yako au kwa babu yako, umwombe omogano mmoja ambao hujapata kuusikia shuleni. Uandike kwa lugha ile ile aliyokusimulia. Usiupeleke popote usiku huo. Rudi kesho yake, umsomee kwa sauti, na kila atakapokukatiza akisema, “Sivyo,” futa na uandike tena. Siku atakapokaa kimya mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kucheka mahali pa kucheka, hapo hadithi yako itakuwa imepita mbele ya mhariri aliye mkongwe kuliko mtambo wa Gendia. Baada ya hapo ipeleke mtandaoni ukipenda, na nakala moja ya karatasi uiweke katika maktaba ya shule yako. Lakini usikawie kuanza, kwa sababu mtandao utakungoja, na nyanya hangoji daima.